Mlango Uliokosea kwa Kidole Kimoja

Ninyi vijana wa chuo cha ufundi mnaokuja hapa mtaa wa Majimbo kila Jumamosi kutazama rafu yangu ya mabehewa madogo, nimeshawazoea. Mnaingia, mnavua kofia, mnamwamkia mama, mnakunywa chai yake, halafu mnatoa futi zenu za chuma mfukoni kama askari wa ukaguzi. Juzi mmoja wenu, ambaye simtaji jina kwa sababu chai ya hapa bado ataihitaji, alilipima behewa la mwisho upande wa kulia, akakuna kichwa, akaniita babu kwa lugha yetu, akasema, "Guka, hii mlango iko off kidogo. Haijabalance na ile ingine."

Nikamwambia najua.

"Naweza kukurekebishia, Guka. Ni kazi ya nusu saa tu."

Nikamwambia auguse aone. Nilimkaripia kuliko alivyostahili, akaondoka bila kumaliza kikombe chake, na mama akaninunia hadi Jumapili baada ya kanisa. Kwa hiyo haya ninayaandika kwanza kwa ajili ya kijana yule, kisha kwa ajili yenu wengine ambao mmekuwa mkiuliza mabehewa haya madogo yalitoka wapi, na kwa nini mzee mzima anayapangusa vumbi kila asubuhi.

Nilikuwa seremala wa reli. Najua mnacheka, maana Embu yetu haina reli. Ukitaka kuona treni ilibidi uteremke mpaka Sagana. Mama yangu mzazi, hadi alipofariki, aliamini kwamba kazi yangu kule Nairobi ilikuwa kusukuma treni inapokwama, na kila nilipokuja nyumbani Kianjokoma alinitazama mabega kwa huruma. Nilijaribu kumweleza mara mbili hivi, kisha nikaacha, kwa sababu kila alipoyaona mabega yale aliniongezea chakula.

Karakana niliyofanyia kazi ilikuwa na kona moja isiyopendwa. Wenzetu walitengeneza mabehewa ya abiria, yale yenye viti vya ngozi na mbao zinazong'aa. Sisi wa kona ile tulitengeneza mabehewa ya kazi. Haya hayabebi abiria wala mizigo ya mtu. Ni ya reli yenyewe. Kulikuwa na behewa la daktari wa kuwazungukia watu wa magenge ya kutengeneza njia. Kulikuwa na la mafundi wa simu, na la kubeba vyuma vizito vya kujaribia mizani za stesheni. Na kulikuwa na la kupimia njia, ambalo ndilo lile lenye mlango mnaoulalamikia.

Behewa la kupimia lilikuwa na tundu sakafuni. Fimbo ya chuma ilitoka chini kwenye magurudumu, ikapita kwenye tundu, ikafika mezani, na kwenye ncha yake kulikuwa na kalamu inayochora mstari juu ya karatasi. Reli ikiwa imezama mahali, kalamu inaruka, na mkubwa anajua genge gani la kulaumu. Mimi sikuyajua hayo nilipoanza. Nilipewa behewa lile nitengeneze sakafu, nikaona tundu, nikasikitika kwamba kuna mtu aliyeacha kazi ovyo namna hiyo. Nikachonga kipande cha mvule, nikakitia gundi, nikakipigilia, nikakipiga randa na msasa mpaka ukipitisha ukucha haushiki popote. Nilikuwa na fahari. Kesho yake Mzungu wa vipimo alikuja na fimbo yake, akazunguka behewani asubuhi nzima akitafuta tundu, akateremka, akasoma namba ya behewa, akapanda tena.

Aliyeniokoa ni Fundi M'Arimi, kwa sababu alicheka mpaka akaketi chini, na mkubwa naye akashindwa kukasirika. M'Arimi alikuwa mtu wa Imenti, Meru, amenizidi miaka kama ishirini, na ndiye aliyenifundisha kila kitu ambacho mikono yangu inakijua. Alipomaliza kufuta machozi aliniambia, "Kijana, hapa kwetu usizibe tundu kabla hujauliza linafanya nini. Hata kama ni baya. Uliza kwanza." Nilicheka pamoja naye. Ningeyashika maneno yale vizuri zaidi, nisingekuwa na la kuwaandikia leo.

M'Arimi hakuwahi kuingia darasani, na hakuamini karatasi. Hata ile kalamu ya kupimia hakuiamini. Siku alizopelekwa safari na behewa lile, aliweka kikombe chake cha chai sakafuni, akajaza mpaka ukingoni, akatazama inamwagika maili gani. Alisema chai yake na kalamu ya Mzungu hazijawahi kubishana. Shida yake ilikuwa moja: michoro ya mabehewa ilifungiwa ofisini, na sisi Waafrika hatukuruhusiwa kuitazama. Behewa likigongwa likarudi limevunjika, utakumbukaje lilivyokuwa? Basi alitunga njia yake.

Alichukua uzi mnene wa kushonea magunia. Akapima behewa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na kila mkono mmoja wa behewa ulikuwa upana wa kidole kimoja kwenye uzi. Anapoanza mlango, fundo. Unapoishia, fundo. Dirisha, fundo. Fundo la mara mbili lilimaanisha urefu umekwisha, sasa tunahesabu kimo. Tundu la sakafuni lilikuwa na fundo lake, dogo, limekazwa sana. Akishamaliza alipitisha nta juu ya uzi wote ili mafundo yasilegee. Kisha, kwa kutumia kamba ile, alichonga behewa dogo la mbao za mti wa muringa, akaliezeka kwa bati la mkebe, akalitia vyuma vya mwavuli mkuukuu kuwa mishikio ya ngazi. Chini ya sakafu, mahali ambapo macho hayafiki, alikata pengo dogo kwa kisu. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Kamba ilikuwa ya kazi, behewa dogo lilikuwa la roho yake. Alikuwa nayo yote, kila behewa la kazi lililowahi kupita mikononi mwetu, yamepangwa pamoja na kamba zake ndani ya sanduku la majani ya chai chini ya kitanda chake.

Mkitaka kujaribu wenyewe, tumieni muringa uliokauka kivulini miaka miwili. Msiharakishwe na anayewauzia mbao mbichi akisema zimekauka; gonga kwa kifundo cha kidole, usikie. Magurudumu kateni kwenye mpera, ekseli ni spoku ya baiskeli. Na gundi ipasheni moto ndani ya maji, si juu ya jiko moja kwa moja. Nimewaona.

Sasa nifike kwenye Hali ya Hatari, wakati wakoloni walipowawinda wapiganaji wa msituni, maana huko ndiko nilikokuwa ninakwepa.

Mnajua kwa kusoma kwamba wakati ule mtu wa Embu, wa Meru au wa Kikuyu alikuwa mshukiwa kwa kuzaliwa tu. Asubuhi moja tulikusanywa, wafanyakazi wote wa makabila hayo, tukapangwa mistari. Kabla ya hapo tuliruhusiwa kuchukua vitu vyetu chumbani. M'Arimi alikuja na lile sanduku begani. Tulipofika mbele mimi nilipelekwa mstari wa kurudishwa nyumbani, yeye akapelekwa mstari wa kizuizini. Sijui kwa nini, na nadhani hata aliyetugawa hakujua. M'Arimi alinisogezea sanduku kwa mguu, akasema, "Niwekee." Ni hilo tu. Nikasema, "Nitakuwekea, Fundi." Lori likaondoka.

Nyumbani hapakuwa nyumbani. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani wakabanwa kwenye kijiji kimoja juu ya Kianjokoma, kimezungukwa na mtaro wenye miti iliyochongwa ncha. Tuliuchimba mtaro ule sisi wenyewe, wanaume na wanawake. Mapanga na visu vyote vya kijiji, pamoja na patasi na msumeno wangu, viliwekwa kwenye posti ya homugadi, wale walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali. Mkuu wao alikuwa Nyaga, mtu wa rika langu, tuliyetahiriwa naye mwaka mmoja. Usidhani hilo lilinisaidia. Aliyekujua tangu utotoni ndiye aliyekuogopa zaidi, na mimi nilimwogopa vilevile.

Asubuhi moja mke wangu, huyu mama anayewapikia chai, alirudi mbio kutoka mtaroni. "Baba Mbogo, wanapekua nyumba zote. Wako kwa kina Wanja sasa hivi. Hilo sanduku lako utasema ni la nini?"

Nililivuta sanduku nikalifungua, na kwa mara ya kwanza nikaliona kwa macho ya mtu mwingine. Juu kabisa kulikuwa na kamba zenye mafundo. Wakati ule watu walikuwa wakifungwa kwa ajili ya kipande cha ngozi ya mbuzi, kwa sababu ya viapo vya wapiganaji wa msituni. Kamba zenye mafundo mengi, zimepakwa nta, ndani ya nyumba ya mtu aliyerudishwa kutoka Nairobi! Nikachukua ya kwanza, ya behewa la kupimia, nikaanza kuyafungua mafundo. Mtaniuliza kwa nini sikuitupa motoni. Vijana, kamba nzuri ilikuwa adimu, na seremala hachomi kamba. Nilikuwa nimekaribia kufungwa, bado ninahifadhi uzi.

Ile nta ilikaza. Fundo moja lilinishinda kabisa, nikaling'ata, nikalivuta kwa meno mpaka likaachia. Mke wangu akasema, "Utamaliza lini? Wametoka kwa kina Wanja." Hapo nikatazama mabehewa. Kila moja lilikuwa limeandikwa namba ya kweli ya reli ubavuni. Tulikuwa tumesikia kuna mahali watu waling'oa reli. Nikajiuliza, mtu aliye na mifano ya mabehewa ya serikali, na namba zake, atasema nini? Sikujiuliza lingine. Niliyaweka motoni, moja baada ya jingine, chini ya sufuria ya githeri, mahindi yetu na maharagwe. La daktari, la simu, la mizani, yote. Rangi ilivimba, bati likajikunja. Nililia, na sikulia kwa sababu ya moshi.

Moshi ule ndio ulionikamatisha. Nyaga alisimama mlangoni akanusa. "Mnapika nini hapa? Rangi?"

Akaingia, akaona mabati yaliyoungua, kisha akaona kitandani kamba nilizozisahau, mafundo yake yote yakiwa mahali pake isipokuwa ile moja. Nilikuwa nimechoma kitu pekee ambacho kingezieleza.

Posti kulikuwa na afisa kijana wa Kizungu, uso umebabuka jua. Nyaga aliweka kamba mezani. "Njeru, mimi nakujua. Sema tu. Kila fundo ni mtu mmoja, si ndiyo? Ni watu wangapi walikula kiapo?"

"Hizo ni mabehewa," nikasema.

"Mabehewa gani?"

"Ya reli. Nilikuwa nayo. Nimeyachoma."

Homugadi wote wakacheka, na ningekuwa upande wao ningecheka pia. Afisa akainua kamba moja. "Wewe nasema hii kamba ni gari ya moshi?"

"Ndiyo, Bwana. Hiyo ni behewa la daktari. Hapa mlango, hapa dirisha la dawa, hapa kitanda."

Akasema, "Basi wewe natengeneza. Hapa, mbele yangu. Siku tatu. Wewe nashindwa, lori nakuja kukuchukua."

Wakanipa patasi yangu mwenyewe kutoka kwenye rundo la posti, na homugadi mmoja mwenye bunduki kunitazama. Mbao hazikuwepo. Mke wangu alileta kigoda cha marehemu baba, cha muringa, akakiweka miguuni pangu. Nilikipasua. Siku tatu nilichonga uani pale, juani, na watu waliokuwa wakienda kuchimba mtaro walipita wakinitazama kama mtu aliyepatwa na wazimu. Siku ya tatu afisa alilaza kamba ubavuni mwa behewa. Fundo kwenye ukingo wa mlango. Fundo kwenye dirisha. Fundo, fundo, mpaka mwisho. Nyaga, ambaye hakuwa mjinga, alinong'ona kwamba mtu anaweza kutengeneza kitu kifuate kamba yoyote. Lakini afisa alikuwa ameshaliweka mezani analisukuma kwa kidole, linakwenda, linarudi, na uso wake ulikuwa wa mtoto. Akanirudishia kamba zangu. Behewa akaondoka nalo, na hadi leo sijui liko wapi.

Kwa hiyo niliponea. Lakini nililoahidi lilikuwa ni kuweka, na sikuweka. Kila nilipolala nilisikia lile neno, "Niwekee." Nilipopata ruhusa ya kuwa na kisu nyumbani nilianza kuyatengeneza upya, kamba moja moja. Nitawaambia ukweli: sikuyatengeneza kwa upendo. Niliyatengeneza ili akirudi asijue. Yote yaliisha isipokuwa la kupimia njia, kwa maana kamba yake haikuwa na kitu.

Alirudi vijiji vilipoanza kuvunjwa. Alishuka kutoka Kibugu kwa miguu, akiuliza nyumba ya Njeru seremala, na aliyekuwa akimwongoza njia ni fimbo. Macho yake hayakuona tena ila mwanga na kivuli. Nilimketisha, akanywa uji, akauliza watoto, akauliza mvua. Kisha akasema, "Mabehewa yangu yako salama?"

"Yako, Fundi."

Nikamweka la daktari mapajani. Alilipapasa paa, akapapasa mishikio, akatabasamu, na mimi nikapumua. Halafu akaligeuza, akapitisha kidole gumba chini ya sakafu, polepole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Akarudia. Akatafuta lile pengo lake.

"Kijana," akasema, "hii si yangu."

Aibu niliyoipata siku ile sijaipata tena. Nilimweleza yote, mpaka githeri iliyonuka rangi ya reli, ambayo tuliila hata hivyo. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: "Na kamba?"

Nikamletea. Alizipitisha vidoleni moja moja, akizitaja majina, mpaka akafika kwenye ile isiyo na mafundo. Nikasema, "Hiyo niliifungua, Fundi. Nilitaka kuificha."

Akaanza kuivuta taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilidhani anaiaga. Kumbe alikuwa anasoma. Nta aliipaka mafundo yakiwa yameshafungwa, kwa hiyo ndani ya kila fundo uzi ulibaki mkavu, wa kukwaruza, na macho hayangeuona. "Hapa," akasema, akafunga fundo. Akavuta tena. "Hapa." Mke wangu alikuja akasimama mlangoni na unga mikononi. Fundo baada ya fundo lilirudi mahali pake, na lile dogo la tundu la sakafuni akalikaza kwa meno yake.

Akafika mahali nilipong'ata. Pale nta ilikuwa imechubuka na uzi wote umekuwa wa kukwaruza, huwezi kujua ni wapi. Alikwenda, akarudi, akaenda. Mwisho akaninyooshea kamba.

"Funga wewe."

"Fundi, sijui mahali."

"Hata mimi sijui. Wewe ndiye ulifungua. Funga."

Nilifunga. Akauweka mkono wake juu ya wangu mpaka fundo likakaza. Behewa lile tulilitengeneza pamoja kwa wiki mbili, mimi nikichonga, yeye akipapasa na kunitukana. Mwisho aliomba kisu, akakata pengo chini ya sakafu. Akaenda kwao Meru na mengine yote, hilo akaniachia. Wanawe waliniletea hayo baada ya mazishi yake, na mengine tena nimekuja kuyapata kwa wastaafu wenzangu.

Reli ilinirudisha kazini baadaye. Siku moja nilikuta behewa la kupimia, lile lenyewe, limesimama njia ya pembeni likingoja kukatwa vyuma chakavu. Sikuwa na futi. Nilipima mlango wake kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, mara tatu ili nisikosee. Kwa hiyo najua. Tulikosea kwa kidole kimoja cha kamba, yaani mkono mmoja wa behewa; mlango ulitakiwa kusogea kushoto.

Kijana wangu, njoo Jumamosi, chai yako ipo. Njoo na futi yako, upime mabehewa yote unavyotaka. Lakini mlango huo uache. Lile fundo nililifunga huku mkono wake ukiwa juu ya wangu, na mimi nimeshafungua moja lake. Usiniombe nifungue na hilo.